Siku Saba za Mgeni

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, yaliyopigwa chapa ili yasomwe tena darasani

Mwenye karatasi hii aishike vizuri. Anayesoma upesi amsaidie jirani yake. Maneno magumu tutayaeleza njiani.

Juma lililopita tulisoma habari za barua. Mlijifunza kuandika siku, mwezi na mwaka juu ya karatasi, upande wa kulia. Wengine mliona ni kazi ndogo. Leo mtaona kwamba tarehe moja, ikiandikwa mahali pake, yaweza kumzuia mtu asiingie gerezani, na yaweza kumwacha mtoto mikononi mwa mama yake.

Maana swali letu la leo ni hili: mtu aliyekimbia nchi yake akaingia kwetu bila hati, afanyweje? Ashtakiwe mara moja kama mhalifu, au aulizwe kwanza kwa nini amekuja?

Ninyi mnaoishi karibu na daraja la Rusumo hamhitaji kufundishwa maana ya kukimbia. Siku hizi daraja lenu ni pana. Wajapani walisaidia kulijenga, na mwezi wa Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walilifungua rasmi, pamoja na kituo ambapo maofisa wa Tanzania na wa Rwanda hufanya kazi mahali pamoja. Malori hupita usiku na mchana. Lakini mzee yeyote wa huko analikumbuka daraja la zamani, lile jembamba, ambalo gari moja lilingoja lingine lipite. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile wakitoka Rwanda. Walibeba magodoro, masufuria, watoto na wagonjwa. Mapanga na mikuki waliyaacha mpakani, yakawa chungu. Watu wale wakajaa Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, na kwa siku chache pori lile likawa kubwa kuliko miji yetu mingi.

Sasa fikiri kidogo. Katika watu wale 250,000, ni wangapi waliokuwa na pasipoti iliyogongwa muhuri? Kama kila mmoja angepelekwa kizimbani kwa kosa la kuingia bila kibali, mahakimu wote wa Tanzania wangekuwa wanasikiliza kesi hizo mpaka leo. Haikufanyika hivyo. Watu walipokewa kwanza, wakapewa maji na chakula, wakaandikwa majina, na maswali yakafuata baadaye.

Lakini mtu akija peke yake, au na watoto wawili, usiku, kwa njia ya shambani, mambo huweza kwenda kinyume. Watu 250,000 huitwa wakimbizi. Mtu mmoja huitwa mhamiaji haramu. Mimi neno hilo silipendi. Nyama yaweza kuwa haramu, na mali ya wizi ni haramu. Binadamu kuwa haramu kwa sababu ya kukosa karatasi, hilo ni neno lililokwenda mbali mno.

Basi tusome sheria inasemaje. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 tangu Mei 1964. Mkataba huo una kifungu cha 31. Kifungu hicho chasema kwamba mkimbizi aliyetoka moja kwa moja mahali ambapo maisha yake yalikuwa hatarini asiadhibiwe kwa kuingia bila ruhusa, mradi ajitokeze mwenyewe bila kuchelewa na aeleze sababu nzuri. Waliouandika walikuwa wametoka kwenye Vita Kuu ya pili. Walijua kwamba mtu anayekimbia kuuawa haendi kwanza ofisini kuomba pasipoti kwa serikali ile ile inayotaka kumwua. Kisha nchi za Afrika zikaandika mkataba wao huko Addis Ababa mwaka 1969. Mkataba huo ulipanua neno mkimbizi, likamhusu pia mtu anayekimbia vita au machafuko yaliyovuruga nchi yake, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina.

Tena tunayo sheria yetu wenyewe. Ni Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Someni kifungu cha 9 kwa uangalifu, maana ndicho kiini cha somo letu. Mtu aliyeingia Tanzania, awe ameingia kwa njia halali au isiyo halali, akitaka hifadhi, anapaswa kujitokeza kabla ya siku 7 kupita. Ajitokeze kwa nani? Kwa ofisa aliyepewa kazi hiyo, au kwa mlinzi wa amani, au kwa mtendaji wa kijiji. Mmesikia? Mtendaji wa kijiji! Sheria ya nchi imeuweka mlango wa hifadhi pale kijijini kwenu, katika ofisi ambayo pengine mlango wake unafungwa kwa waya. Na mtu aliyejitokeza hivyo asikamatwe, asifungwe, wala asipewe adhabu nyingine kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, wakati ombi lake linangoja kuamuliwa. Sheria inawataja pia watu wa jamaa yake.

Neno hifadhi hapa maana yake ni ulinzi unaopewa na nchi ya watu wengine. Mwomba hifadhi ni mtu aliyeuomba ulinzi huo na bado hajajibiwa. Akikubaliwa huitwa mkimbizi.

Lakini kifungu hicho kina upande wa pili, nao ni mkali. Asiyejitokeza katika siku 7 ametenda kosa. Aweza kushikwa, kufungwa, au kufukuzwa kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Hivyo siku ya saba na siku ya nane ni mbali sana, ndugu zangu. Na anayejua kuzihesabu siku hizo mara nyingi si yule mgeni. Ni wewe mwenyeji.

Tuchukue mfano, usio wa mtu fulani. Tuseme mama mmoja ametoka Burundi. Mumewe amechukuliwa na watu wenye silaha. Hawezi kupita kituo cha Kabanga, kwa sababu anawaogopa askari walioko upande wake wa mpaka. Anavuka mto Ruvubu usiku kwa mtumbwi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anamshika mkono. Anafika katika shamba la migomba, anaomba maji. Mwenye shamba ni mtu mwema. Anampa pahali pa kulala, anamwambia, dada, kaa kimya hapa, usionekane. Mama anakaa kimya siku 10, analima kidogo apate ugali. Siku ya kumi na moja askari wanapita.

Mwenye shamba yule alidhani anasaidia. Kumbe amezila siku 7 za mgeni wake. Na yeye mwenyewe yumo hatarini, maana Sheria ya Uhamiaji inamwadhibu pia anayemficha mtu huku akijua kwamba ameingia kinyume cha sheria. Njia iliyokuwa salama kwa wote wawili ni ile ya kwenda kwa mtendaji asubuhi ya kwanza.

Sasa mama yuko mahakamani. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imeifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, nalo ni jambo zuri kwetu sote tuliochoka kuhukumiwa kwa Kiingereza. Lakini mama huyu anasema Kirundi. Anasomewa shtaka: kwamba aliingia Tanzania bila kibali, kinyume cha sheria. Anaulizwa, ni kweli au si kweli? Anajibu, ni kweli.

Hapo ndipo kesi nyingi za namna hii huisha. Ni kweli, kwa hiyo ana hatia. Faini hana. Basi ni kifungo.

Je, alikiri kosa? Alikiri kwamba alivuka mto. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alivuka. Kama angeulizwa kwa lugha yake, angesema, nilivuka kwa sababu walikuwa wanakuja kuniua. Jibu hilo si la kukiri. Jibu hilo ni ombi la hifadhi, nalo limetolewa mbele ya hakimu.

Mahakama zetu zina kanuni ya zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu katika kesi iitwayo Adan na Jamhuri. Majaji walieleza jinsi mtu anavyopaswa kuulizwa kama anakubali shtaka. Shtaka lisomwe na lielezwe katika lugha anayoifahamu, kila sehemu yake. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe tena kama anayakubali yote au ana neno la kuongeza. Neno lake likitia shaka, hakimu aandike kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Mpaka leo mahakama za Tanzania na za Kenya huitaja hukumu hiyo. Kwa hiyo hatuombi huruma mpya. Twaomba kanuni ya mwaka 1973 ifuatwe siku ya Jumatatu asubuhi, wakati mahabusu ni wengi na mkalimani hajafika.

Na mkalimani si lazima atoke mbali. Ninyi Wahangaza na Washubi mnalijua hilo kuliko mimi. Kihangaza na Kirundi husikilizana. Bibi kizee wa Ngara aweza kuzungumza na mgeni yule mtoni asikose neno. Sheria inataka mshtakiwa atafsiriwe, na watu wa kutafsiri mko tele. (Udugu huo wa lugha una hasara yake vilevile. Mtanzania wa mpakani husikika kama Mrundi au Mnyarwanda, akaambiwa athibitishe uraia wake. Kwa hiyo kesi za wageni si za wageni tu. Waya huo huweza kumnasa mwenyeji.)

Turudi kwa wale watoto wawili. Wako wapi wakati mama yao anasomewa shtaka? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto asipewe adhabu ya kifungo. Vizuri. Lakini sheria hiyo haikusema kwamba mama wa mtoto hatafungwa. Anayenyonya huingia gerezani pamoja na mama yake, ingawa yeye hana kosa. Mwenye miaka 9 hubaki nje. Abaki na nani? Hana shangazi hapa, hana bibi. Labda mtu wa ustawi wa jamii atamchukua, labda jirani. Mama akimaliza kifungo hupelekwa mpakani. Je, kuna mtu aliyeandika mahali mtoto alipo?

Msidhani ni jambo la nchi maskini peke yake. Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ilifanya vivyo hivyo mwaka 2018, na kwa makusudi. Huko kuingia bila ruhusa kulifanywa kuwa jinai tangu mwaka 1929, lakini kwa miaka mingi wazazi waliokuja na watoto kwa kawaida hawakupelekwa mahakama ya jinai. Mwezi wa Aprili 2018 serikali ikatangaza kwamba kila aliyevuka mpaka wa kusini bila ruhusa atashtakiwa, bila kumwacha hata mmoja. Mzazi akishtakiwa huenda mahabusu. Mtoto hawezi kukaa mahabusu ya watu wazima. Kwa hiyo mtoto aliondolewa, akaandikwa kama aliyekuja peke yake, akapelekwa mahali pengine, pengine mamia ya maili. Katika majuma machache watoto zaidi ya 2,000 walitengwa na wazazi wao. Watu wakapiga kelele dunia nzima, na tarehe 20 Juni 2018 rais wao akatoa amri ya kuacha. Lakini kuacha kulikuwa rahisi kuliko kurudisha. Wazazi wengine walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao bila watoto wao, na karatasi za kuwaunganisha hazikuwa zimeandikwa vizuri.

Angalia jinsi lilivyotokea. Hakuna sheria iliyosema, watengeni watoto na mama zao. Sheria ilisema tu, mshtakini kila mmoja. Kutengwa kukafuata kwenyewe.

Huku kwetu tumeonja kutengwa kwa namna nyingine. Mwezi wa Julai 2013, Rais Kikwete alipokuwa Kagera, alitoa muda wa siku 14 kwa watu waliokuwa wakiishi nchini bila kibali kuondoka. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: majambazi wenye bunduki waliteka magari barabarani, na ninyi wa Biharamulo mnakumbuka miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na askari. Lakini waliovuka daraja la Rusumo kwa maelfu mwezi ule wa Agosti hawakuwa majambazi wote, hata kidogo. Walikuwamo watu walioishi Kagera miaka 20, 30 na zaidi. Walikuwamo wanawake walioolewa na Watanzania, na wanaume waliooa Watanzania. Wengine waliacha ng'ombe zizini, wengine waliacha mume, wengine waliacha watoto. Upande wa Rwanda wakapokewa katika kambi ya muda huko Kiyanzi, wilaya ya Kirehe, wakiwa na vifurushi.

Katika mambo hayo kuna shimo moja la sheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Kwa hiyo mwanamke wa Rusumo aliyeolewa na Mnyarwanda aweza kukaa naye miaka 25, wakazaa watoto 6, watoto wote Watanzania kwa sababu mama yao ni Mtanzania, na baba yao akabaki mtu wa kushtakiwa kila polisi apitapo. Mimi naona sheria hiyo inapaswa kubadilishwa. Dada zetu wa mpakani hawakufanya kosa kwa kupenda ng'ambo ya mto.

Najua sasa mzee mmoja darasani amenyosha mkono. Anasema: Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini mwaka 1994 tuliwapokea watu, na kati yao walikuwamo wauaji. Tukiacha kuwashtaki wageni, tutamkamata nani?

Mzee amesema kweli. Walikuwamo. Mmoja wao alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, upande wa Rwanda, ng'ambo tu ya daraja lenu. Alihusika na mauaji ya watu waliokimbilia kanisani Nyarubuye. Kisha akavuka mto kama wengine, akaonekana Benaco katikati ya wakimbizi. Lakini sikilizeni alivyopatikana. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, akapelekwa katika Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2004 akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Alipewa miaka 30, na mwaka 2006 rufani ikaifanya adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Alishtakiwa kwa kuua watu. Hakuna aliyemshtaki kwa kukosa pasipoti, na kama angeshtakiwa hivyo angelipa faini akaenda zake. Mikataba yenyewe inasema kwamba mtu wa namna hiyo hastahili kuitwa mkimbizi. Nalo lilijulikana kwa kuuliza: ulikuwa nani huko utokako, ulifanya nini, nani anakujua? Maswali hayo humfichua mwuaji, na maswali hayo hayo humtambulisha mama wa mtoni. Mahakama inayouliza tu kama una kibali haitamtambua yeyote kati ya hao wawili.

Vivyo hivyo na wasafirishaji. Mwezi wa Juni 2012, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wanapelekwa kusini, wamefungiwa kama magunia. Mwenye kesi ya kujibu hapo ni yule aliyechukua fedha zao na kufunga mlango. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya usafirishaji haramu wa wahamiaji yasema kwamba mhamiaji asishtakiwe kwa sababu tu alisafirishwa hivyo. Tena aliyesalimika katika lori kama lile ndiye shahidi. Ukimfunga pamoja na dereva, nani atasimama kusema alivyoona?

Nanyi mnaowaita vibarua wa Kirundi kulima na kuvuna, nina neno moja kwenu. Mtu anayeogopa kushtakiwa hawezi kudai ujira wake. Msiitumie hofu hiyo.

Nani basi aweza kubadilisha mambo haya? Bunge laweza kuirekebisha sheria ya ndoa na uraia niliyoitaja, na laweza pia kulegeza zile siku 7, ili aliyechelewa kwa ugonjwa au kwa kutojua asikilizwe sababu yake. Hilo lingelingana na mkataba wa 1951, ambao ulisema bila kuchelewa, haukutaja hesabu ya siku. Lakini kazi kubwa haihitaji kungoja Bunge. Katiba yetu, ibara ya 59B, yasema kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka anapotumia madaraka yake atazingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za kisheria, na maslahi ya umma. Yeye ana uwezo wa kutofungua shtaka, na wa kuondoa shtaka lililofunguliwa. Akiwaagiza waendesha mashtaka wa mpakani kwamba kila mgeni aulizwe kwanza kama anaomba hifadhi, na kwamba mzazi mwenye mtoto asiwekwe mahabusu ikiwa aweza kuripoti kwa mtendaji kila juma, mambo yatakuwa tofauti Ngara na Biharamulo katika mwezi mmoja. Asiyeomba hifadhi wala hana ruhusa ya kukaa aweza kurudishwa kwa amri ya Uhamiaji, bila kupitia gerezani kwanza na kula chakula cha serikali miezi mingi. Na ikumbukwe kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, akipita kituoni na hati yake, hupewa pasi ya kukaa mpaka miezi 6. Wengi wanaokamatwa vichochoroni hawajui kwamba mlango wa mbele uko wazi kwao.

Jambo moja limekuwa gumu zaidi, nami sitalificha. Zamani Warundi waliokuja wengi walikubaliwa kwa pamoja, kama kundi. Tangu Januari 2017 serikali iliacha utaratibu huo, na kila mmoja huulizwa peke yake. Kwa hiyo ushahidi wa mtu mmoja mmoja umekuwa na uzito mkubwa: aliingia lini, kwa njia gani, alisema nini siku ya kwanza. Na ushahidi wa siku ya kwanza hauwezi kuandikwa siku ya ishirini.

Haya, toeni kalamu. Hii ndiyo kazi yenu ya juma hili. Mtaandika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji, kama kwamba mgeni amefika kwenu jana usiku. Msimwandikie maneno mengi. Msiseme kwamba ni mkimbizi, maana hiyo si kazi yenu kuamua. Andikeni mliyoyaona na aliyoyasema. Kwa mfano:

Kwa Mtendaji wa Kijiji. Leo saa 2 asubuhi nimemleta mbele yako mama mmoja na watoto wake 2. Amesema aliingia nchini jana usiku kwa njia ya mto. Amesema anaogopa kurudi kwao, na anaomba hifadhi. Tafadhali andika majina yao wote watatu pamoja, na tarehe ya leo, ugonge muhuri. Nakala moja ibaki kwako, na moja apewe yeye.

Chini tieni sahihi. Asiyejua bado kutia sahihi apige dole gumba, na mwenzake aandike jina lake kando. Andikeni nakala mbili kwa mkono, siyo moja. Mwalimu atazame hasa kama tarehe ipo, na kama watoto wameandikwa katika karatasi ile ile aliyoandikwa mama yao.

Juma lijalo tutasoma habari za cheti cha kuzaliwa. Mwenye cheti cha mtoto nyumbani aje nacho darasani, hata kama kimechanika. Kwaherini.